UZI: Sauti ni yetu, mnara ni wa nani? Leseni za redio Marekani na safari ya wamiliki Weusi

Mwanamawimbi (mleta mada)

Wakuu, poleni na majukumu.

Uzi huu nimeuahirisha tangu mwaka jana. Kilichonisukuma leo ni kikao cha Jumamosi. Mji ninaoishi hapa Marekani una familia nyingi zinazoongea Kiswahili: Wakongo wa Kivu, Warundi waliokulia kambi ya Nyarugusu, Wabanyamulenge, na sisi Watanzania ambao tukikaa pamoja hatujazi hata meza mbili. Tulikutana kwa hoja moja tu, kuanzisha redio yetu ya FM.

Redio ya mtandaoni tunayo, vijana wanaisikiliza. Lakini mama mmoja anayefanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama alisimama akasema hivi: "Mimi nataka nikiwasha redio ya gari saa kumi alfajiri nisikie barabara ipi imefungwa na theluji, kwa lugha ninayoielewa. Simu siwezi kushika ninaendesha." Ukumbi wote ukanyamaza. Hapo ndipo tukakubaliana kwamba ni FM.

Kisha kijana wetu mmoja aliyekuwa amesoma masharti akatusomea. Taasisi inayoomba leseni, kama haina hisa, inaangaliwa uraia wa wajumbe wa bodi yake, na wasio raia wa Marekani hawaruhusiwi kuzidi asilimia 20. Bodi yetu ina watu tisa. Raia ni watatu.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Nikaanza kusoma sheria hizi zilitoka wapi na jamii nyingine zilipita vipi, nikakesha wiki nzima. Naomba niwashushie nilichokipata, kwa sababu hadithi ya wamiliki Weusi wa redio Marekani ina mafunzo kwa kila jamii ndogo inayotaka kusema kwa kinywa chake.

Kwanza tuelewane jambo moja. Huku hakuna anayemiliki masafa. Sheria ya Mawasiliano ya 1934, iliyounda tume ya FCC (wa Tanzania ichukulieni kama TCRA, wa Kenya kama CA), inasema leseni inatolewa kwa kuangalia maslahi ya umma. Ni ruhusa ya muda, sasa miaka 8, halafu unaomba tena. Ila kwa vitendo kituo chenye leseni kinauzwa na kununuliwa, FCC ikiidhinisha uhamisho. Kwa hiyo aliyepewa ruhusa bure miaka ya 1930 aliweza kuiuza pamoja na mitambo kwa mamilioni baadaye. Na miaka ya 1930 mtu Mweusi hakuwa kwenye foleni ile.

Sasa tazameni vituo viwili vya kusini.

WDIA ya Memphis ilianzishwa 1947 na wafanyabiashara wawili Wazungu. Biashara ikawa mbaya. Oktoba 1948 wakamwajiri Nat D. Williams, mwalimu Mweusi, ashike maikrofoni. Wasikilizaji wakamiminika, na muda si mrefu kituo kizima kikawa kinatangaza kwa ajili ya Weusi. Mwanamuziki wa blues B.B. King alikuwa mtangazaji pale kabla dunia haijamjua. Mwaka 1954 WDIA ikaruhusiwa kurusha kwa wati 50,000, ikasikika majimbo kadhaa. Kitu kikubwa sana kile. Lakini faida iliingia mifuko ya wenye kituo, na siku walipotaka kuuza, mwaka 1957, waliuza. Aliyekuwa na sauti hakuulizwa.

Cha pili ni WERD ya Atlanta. Mwaka 1949 mhasibu Mweusi aitwaye Jesse B. Blayton alikinunua kwa dola 50,000. Ndicho kituo cha kwanza cha redio Marekani kumilikiwa na mtu Mweusi. Kilikuwa kidogo, cha AM, lakini kilikuwa mtaa wa Auburn, moyo wa Atlanta ya Weusi, jengo moja na ofisi ya SCLC, jumuiya ya Martin Luther King. Inasimuliwa kwamba King akiwa na tangazo la haraka alikuwa anagonga dari kwa mpini wa ufagio, na watangazaji waliokuwa ghorofa ya juu wanamteremshia kipaza sauti dirishani.

Nimeisoma habari hiyo ya ufagio mara tatu. WDIA ilikuwa na wati 50,000. Lakini Memphis mtu wa harakati za haki za Weusi angeanza kwa kumwomba mwenye mali, wakati Atlanta aligonga dari tu. Tofauti hiyo ndiyo nataka tuijadili.

Nakuja na sehemu ya sheria. Karibuni.

Mtoto wa Kigoma

Mkuu, umenigusa. Sisi tuliokaa mpakani tunaikumbuka Radio Kwizera ya Ngara, ile ya Wajesuiti iliyoanza 1995 baada ya wakimbizi kumiminika. Mtu alipata habari za ndugu yake aliyepotezana naye njiani kupitia redio ile. Warundi wenu huko wanajua redio ya jamii ina thamani gani, hawahitaji kuelezwa. Endelea kushusha nondo, naweka kambi hapa.

Hakimu wa Mtaa

Uzi mzuri ila nina swali la moja kwa moja. Redio ni biashara. Kwa nini serikali iingilie nani anunue kituo? Mwenye fedha anunue, mwenye vipindi vizuri asikilizwe. Ukianza kugawa leseni kwa rangi ya ngozi unafungua mlango mwingine mbaya.

Mwanamawimbi

Hakimu, swali lako ndilo lililofika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hiyo silipuuzi. Naomba nilijibu kwa mapana.

Serikali ilikuwa imeshaingilia tangu siku ya kwanza, maana yenyewe ndiyo inayogawa. Waombaji wawili wakitaka masafa yale yale, FCC ilikuwa inawalinganisha. Kimojawapo cha vigezo kilikuwa uzoefu wa utangazaji. Sasa mtu Mweusi angepata wapi uzoefu huo wakati vituo vingi vya kusini havikumwajiri hata kama karani? Kigezo hakitaji rangi popote, na bado kinamwacha nje. Halafu ongeza benki. Cathy Hughes alipotaka kununua WOL ya Washington mwaka 1980, benki 32 zilimkatalia mkopo. Alipata kwa mkopeshaji wa 33. Kuna kipindi aliishi ndani ya kituo chenyewe na mwanawe kwa sababu nyumba ilishindikana kulipiwa. Kituo kile ndicho kikazaa kampuni ya Radio One, na mwaka 1999 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuongoza kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa. Soko lilimkataa mara 32, Hakimu. Nawafikiria walioishia benki ya kumi.

Kuna na kesi ya WLBT, kituo cha televisheni cha Jackson, Mississippi. Siyo redio, lakini ndiyo iliyobadilisha sheria kwa wote. Karibu nusu ya watazamaji wake walikuwa Weusi na kituo kilikuwa kinawaficha habari za harakati zao wenyewe. Mwaka 1964 Kanisa la United Church of Christ, likiongozwa na mchungaji Everett Parker, liliweka watu wakatazama vipindi vya wiki nzima na kuandika kila kilichorushwa, kimya kimya. Wakaipinga leseni isihuishwe. FCC ikajibu kwamba msikilizaji au mtazamaji wa kawaida hana nafasi kisheria katika jambo hilo. Mwenye nafasi ni anayepata hasara ya kibiashara au ya mawimbi kuingiliana. Mahakama ya rufaa ikakataa mwaka 1966. Hukumu iliandikwa na Jaji Warren Burger, ambaye baadaye akawa Jaji Mkuu wa nchi, na hakuwa mtu wa mrengo wa harakati hata kidogo. Alisema umma una haki ya kusimama mbele ya tume. Mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo ikaifuta leseni. Kabla ya hapo mwenye redio alikuwa anaongea na serikali tu. Baada ya hapo mama anayesikiliza jikoni naye akawa na kiti.

Sasa umiliki. Kufika 1978, vituo vya redio na televisheni vilivyomilikiwa na jamii za wachache (Weusi, Walatino, Waasia, wenyeji wa asili) havikufika hata asilimia 1. FCC ikaleta mbinu mbili, na naomba mzielewe vizuri kwa sababu zilifanya kazi.

Mbinu ya kwanza ilikuwa cheti cha kodi. Ukiuza kituo chako kwa kampuni inayoongozwa na jamii ya wachache, kodi ya faida ya mauzo unaahirishiwa, mradi fedha uziwekeze tena kwenye utangazaji. Hapo hakuna aliyegawiwa kituo bure. Mnunuzi alilipa. Ila muuzaji ghafla alikuwa na sababu ya kumpigia simu mnunuzi Mweusi ambaye zamani hakuwemo hata kwenye orodha yake. Nani anauza, anauza lini, kwa bei gani, hizo zilikuwa habari za watu wanaojuana.

Ya pili ilikuwa mauzo ya dharura. Mwenye kituo ambaye leseni yake imeitwa kusikilizwa ili ifutwe aliruhusiwa kukiuza kabla shauri halijaanza, kwa bei isiyozidi asilimia 75 ya thamani ya soko, kwa mnunuzi kutoka jamii za wachache.

Kufika 1986 umiliki wao ulikuwa asilimia 2.1 ya vituo zaidi ya 11,000. Bado kidogo mno, lakini ulikuwa umezidi mara mbili ndani ya miaka minane.

Na swali lako, Hakimu, likafika mahakamani kwa jina la Metro Broadcasting dhidi ya FCC, mwaka 1990. Majaji watano kwa wanne walikubali sera hizi kwa hoja ya sauti mbalimbali: msikilizaji yeyote, hata Mzungu, ananufaika kukiwa na wamiliki wa aina nyingi. Ila wanne wale waliopinga hawakuwa wajinga, na mwaka 1995, katika kesi ya Adarand iliyohusu mambo ya zabuni za barabara, mahakama ile ile ikageuka ikataka kipimo kikali zaidi kwa sera yoyote inayotaja rangi.

Hakimu wa Mtaa

Nimekuelewa kwenye uzoefu na benki, hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini hukutaja udanganyifu. Sera kama hizi huzaa makampuni ya kivuli: Mweusi anawekwa mbele kwenye karatasi, mwenye mali yuko nyuma.

Mwanamawimbi

Ni kweli, yalikuwepo, na sitayatetea. Ndiyo yaliyotumika kuiua sera. Mwaka 1995 kampuni ya Viacom ilitaka kuuza mitandao yake ya kebo kwa zaidi ya dola bilioni 2 kwa kampuni iliyoongozwa na Frank Washington, mfanyabiashara Mweusi ambaye mwanzoni alikuwa FCC na alishiriki kuibuni sera yenyewe. Bunge likaona nafuu ya kodi ni kubwa mno kwa kampuni tajiri kama ile. Badala ya kuweka ukomo wa kiasi, au kuchunguza nani hasa anaongoza, walikifuta cheti chote. Fedha zilizookolewa zikaelekezwa kwenye nafuu ya bima ya afya kwa watu waliojiajiri. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipokosea. Panya akiingia ghalani unaziba tundu, huchomi ghala.

Mwaka uliofuata, 1996, ikaja Sheria ya Mawasiliano mpya. Kabla yake kampuni moja haikuweza kumiliki zaidi ya vituo 40 vya redio nchi nzima. Sheria ikaondoa ukomo wa kitaifa kabisa. Kwenye mji mkubwa wenye vituo 45 au zaidi, kampuni moja ikaruhusiwa hadi 8. Kampuni ya Clear Channel ilikwenda kutoka vituo kama 40 hadi zaidi ya 1,200. Bei za vituo zikapaa. Mmiliki mdogo mwenye kituo kimoja cha AM alijikuta anashindania matangazo ya biashara na mtu mwenye vituo nane mji ule ule, anayemwambia mteja "nunua kwangu vyote kwa bei moja". Wengi waliuza. Unapopewa kwa kituo kimoja fedha ambazo hukuwahi kuziota, na kesho ya kituo huioni, utafanyaje? Siwalaumu.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Radio One ya Cathy Hughes ilikua katika upepo huo huo. Mwaka 2000 Clear Channel ilipolazimika kuachia baadhi ya vituo ili iungane na kampuni nyingine ya redio, AMFM, Radio One ilinunua 12 kwa dola bilioni 1.3. Kwa hiyo Mweusi mmoja mkubwa alipata mlango wakati Weusi wengi wadogo wanafungiwa. Hesabu ya vituo inaweza ikabaki ile ile na idadi ya watu wenye usemi ikapungua. Hili takwimu za umiliki huwa zinalificha.

Mama Zawadi

Kaka, na hao wenyeji wa asili? Umewataja mara moja tu ukapita.

Mwanamawimbi

Dada, ahsante kwa kunirudisha. Wanavajo wana KTNN, iliyoanza 1986 pale Window Rock, Arizona. Ni AM ya wati 50,000, inatangaza kwa Kinavajo hadi mechi za mpira. Mwaka 2010 FCC iliweka kipaumbele kwa makabila yanayoomba leseni za kuhudumia ardhi zao. Kisheria kipaumbele hicho kimesimama kwenye hadhi ya kabila kama serikali, siyo kwenye rangi, ndiyo maana hakikukumbana na Adarand. Na Walatino wana Raoul Cortez, aliyefungua KCOR ya San Antonio mwaka 1946, kituo cha Kihispania kutwa nzima chini ya mmiliki wa jamii hiyo. Kila mmoja anastahili uzi wake.

Fundi Mitambo

Wakuu, mimi ni fundi wa mitambo ya kurushia, nimefunga minara kadhaa Tanzania bara. Mleta mada, mnazungumzia leseni ya aina gani? Maana FM kamili hamtaiweza kwa michango ya ukumbini.

Mwanamawimbi

Fundi, karibu sana. Tunaomba ile ya nguvu ndogo, wao wanaiita LPFM. Mwisho wati 100, antena mita 30 juu ya ardhi inayozunguka, inafika kama kilomita 5.6. Kwa wa Dar, Posta hadi Magomeni na kidogo zaidi. Haitolewi kwa kampuni ya faida, ni kwa taasisi za jamii, shule, makanisa. Matangazo ya biashara hayaruhusiwi, unaruhusiwa kumtaja mfadhili na kumshukuru. Taasisi moja kituo kimoja.

Ilizaliwa Januari 2000, na haikudondoka kutoka juu. Miaka ya nyuma kulikuwa na watu wanarusha bila leseni, mmojawapo Mbanna Kantako, mtu Mweusi asiyeona wa Springfield, Illinois, aliyeanza 1987 kurusha kutoka nyumba za serikali alimokuwa anaishi, kwa majirani zake tu. Walimfuatilia, akaendelea. Watu kama yeye walifanya swali liwe zito: kwa nini masikini asipate hata wati chache kwa njia halali?

Fundi Mitambo

Na vituo vikubwa vikakubali?

Mwanamawimbi

Hawakukubali. Walisema vituo vidogo vitawaingilia. FCC ilitaka LPFM iruhusiwe hata kwenye masafa ya tatu kutoka kituo kikubwa, yaani kikubwa kikiwa 98.1, kidogo kikae 98.7. Chama cha watangazaji wakubwa kikapinga, na hata redio ya umma ya NPR ikasimama upande huo. Mwishoni mwa 2000 Bunge likazuia. Kwa kuwa mijini masafa yamejaa, kizuizi hicho kilimaanisha LPFM nyingi zikaota vijijini, wakati jamii nyingi za wahamiaji na Weusi wako mijini.

Bunge lenyewe liliagiza utafiti. Kampuni ya MITRE ikapima, ikatoa ripoti 2003 kwamba hatari ya kuingiliana ni ndogo sana. Ilichukua hadi Januari 2011 ndipo Rais Obama akasaini sheria ya kuondoa kizuizi. Miaka saba na zaidi baada ya vipimo kutoka!

Dirisha la maombi (kipindi ambacho FCC inapokea maombi) lililofuata likafunguliwa 2013, na mojawapo ya matunda yake ni KALY ya Minneapolis, redio ya jamii ya Wasomali, hewani tangu 2015. Ndugu zetu wa Pembe ya Afrika kabisa. Dirisha lingine lilikuwa Desemba 2023. Sisi wakati ule hatukuwa hata tumesajili chama. Na kigezo kimojawapo cha pointi za kuchagua kati ya waombaji wanaogombea masafa ni kuwa taasisi iwe imekuwepo mji ule kwa miaka miwili.

Fundi Mitambo

Fizikia inamuunga mkono MITRE. Kilohezi 600 pembeni, wati 100, redio nyingi za kawaida zinatenganisha vizuri, labda uwe umesimama chini ya mnara wenyewe. Ushauri wangu: msianze na mitambo. Tafuteni kwanza mahali pa juu pa kufunga antena, paa la kanisa au shule, mwenye jengo aandike barua. Waombaji wengi hukwama kwenye eneo la antena.

Msomaji Mkimya

Naingia kwa mara ya kwanza. Je, mahakama za sasa zinasemaje kuhusu umiliki? Nilisikia kuna kesi ya karibuni.

Mwanamawimbi

Ni ya 2021, FCC dhidi ya Prometheus Radio Project. Prometheus ni kundi la Philadelphia lililotokana na hao hao wapigania redio ndogo. Tangu 2004 walikuwa wanaishinda FCC mahakama ya rufaa: kila tume ilipotaka kulegeza masharti ya umiliki, majaji waliirudisha wakasema hujapima athari kwa wanawake na jamii za wachache. Mwaka 2021 Mahakama Kuu, majaji wote tisa, ikasema FCC ilifanya uamuzi wa busara kwa takwimu ilizokuwa nazo, na kwamba hakuna aliyeleta takwimu bora zaidi. Kesi yenyewe ilihusu zaidi magazeti na televisheni. Ukomo wa redio wa 1996 kwa kila mji umebaki.

Kilichoniuma ni hiyo hoja ya takwimu. Tume yenyewe ndiyo inayokusanya fomu za umiliki, na rangi na jinsia ya wamiliki ilianza kuulizwa 1998 tu. Miaka ile ya 1996 na 1997, ambapo vituo viliuzwa kwa wingi, haikuandikwa ipasavyo. Kisha miaka 25 baadaye anaulizwa aliyepoteza alete ushahidi wa alichopoteza.

Mama Zawadi

Kwa hiyo kaka, kikao chenu kimeishia wapi? Mama wa zamu ya usiku nimemuwaza siku nzima.

Mwanamawimbi

Dada, tumekubaliana haya. Bodi inapunguzwa kutoka tisa hadi watano. Raia watatu waliopo wanabaki, wa nne anakula kiapo cha uraia mwezi ujao, na mzee wetu mmoja asiye raia anabaki kuwa wa tano. Hiyo ni asilimia 20 kamili, haizidi. Wanne waliotoka hawakununa. Mmoja wao ndiye anayeshika faili la usajili, ili dirisha likifunguliwa tuwe tumetimiza miaka miwili na zaidi.

Kwa sasa kuna kituo cha jamii cha watu wengine kimetupa saa moja kila Jumapili, saa saba mchana. Mama yule tumempa dakika kumi za mwanzo. Anasoma hali ya barabara, zamu za viwanda, na kliniki zenye mkalimani. Anasoma taratibu, kwa Kiswahili cha Bukavu, na wiki iliyopita watu wanne walipiga simu kumuuliza barabara ya daraja ikoje.

Fundi, nakuja PM kuhusu paa la kanisa. Lina urefu wa mita 19 na mchungaji ameshasema ndiyo.